Uzoefu wangu: Kirikuu ya rimoti, na drone ya laki niliyoiacha dukani

Naanza na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Gari lenyewe la kuchezea la rimoti, WPL D12, lilinifikia mkononi kwa shilingi 165,000, usafiri ukiwemo, kupitia wakala wa Kariakoo anayeleta mizigo kutoka China. Drone zile za kukunja mikono zilizojaa madukani kuanzia Aggrey mpaka Msimbazi nilikuta zinaanzia laki moja hivi. Pesa haziachani sana, kwa hiyo unachagua: cha kuruka au cha kutembea. Mimi nikachukua cha kutembea, ninacho tangu Januari, na bado kinanifurahisha.

D12 kwa lugha yetu ni kirikuu. Umbo ni lile lile la Suzuki Carry zinazoshusha ndizi Mabibo na kuhamisha vyombo vya watu mwisho wa mwezi, limepunguzwa mara kumi. Kina urefu wa kuzidi kidogo sentimita 30, bodi ya nyuma inafunguka mbavu, na chini kina chesisi inayoonekana kama ya gari la kweli. Mpwa wangu alipokiona tu akachukua maka pen akaandika ubavuni TUNAHAMISHA VYOMBO, na chini yake namba ya simu ya mama yake. Sijafuta. Kila ninapokitoa nje kuna mtu anauliza bei ya kuhama kutoka Sinza kwenda Kimara.

Sasa tofauti yake na magari ya elfu thelathini yaliyotundikwa madukani. Yale, ukibonyeza yanakimbia, ukiachia yanasimama. Usukani ni kushoto kabisa au kulia kabisa. Mengi yanatumia masafa ya 27 MHz, kwa hiyo watoto wawili wakiwa na magari ya aina moja, rimoti moja inaweza kuvuta magari yote mawili na ugomvi ukaanzia hapo. Hiki kinatumia 2.4 GHz, rimoti inajifunga na gari lake. Halafu mwendo na usukani vinakwenda kwa kiasi cha kidole: ukigusa kidogo kinatambaa, ukivuta kinaondoka. Ukitaka kukirudisha nyuma taratibu mpaka kwenye pembe ya kabati, kinakubali.

Mwendo si wa kutisha. Mota yake ni ndogo, ya aina ya 260 (namba ikipanda, mota ni kubwa zaidi), na barabarani kinakwenda kama mtu anayekimbia mchakamchaka bila haraka. Anayetaka mbio ajikusanye atafute WLtoys 144001: hiyo ina mota ya 550, inavuta magurudumu yote manne, na kiwanda kinaiandikia kilomita 60 kwa saa. Lakini mitaa yetu ya ndani, yenye bodaboda, kuku na watoto wanaotoka shule, kilomita 60 unazipeleka wapi?

Raha ya kirikuu iko kwenye kuteleza. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayovuta, kama Carry wa kweli, kwa hiyo kwenye sakafu ya marumaru mkia unatoka wenyewe. Ukitaka kutelezesha vizuri zaidi, kata vipete vya bomba la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi, uvivalishe juu ya matairi ya nyuma. Kipande cha bomba ni cha bei ya chapati na kinakaa muda mrefu, ila pima kipenyo kwanza, usinunue kwa macho. Kwenye paving za mtaani kinaruka ruka kidogo, na kwenye mchanga mkavu kinazama na kusaga hapo hapo. Mimi silaumu, kirikuu ya kweli nayo mchanga wa Kigamboni inauogopa.

Kitu ambacho hakuna video ya Ulaya itakuambia ni rasta. Mtaani kwetu kuna saluni tatu mfululizo, na nyuzi za rasta zinapeperuka chini muda wote. Zinajiviringisha kwenye ekseli ya nyuma, kati ya gurudumu na mhimili, kimya kimya. Unaona tu gari linazidi kuwa zito na mota inachemka hadi haigusiki. Toa gurudumu, chomoa nyuzi kwa kibano, tia tone la mafuta ya cherehani, umemaliza. Siku hizi nakagua ekseli kabla sijachaji.

Na betri ndiyo roho ya mchezo huu. Yangu ni ya lithiamu, seli mbili, volti 7.4. Ikijaa inasoma 8.4. Usiikaushe mpaka gari lizime kabisa. Kila seli ikishuka chini ya volti 3 inaanza kuharibika, na betri iliyoharibika huvimba. Likianza kunyong'onyea, chomoa. Kama hutacheza wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli, si ikiwa imejaa. Multimita ya kawaida ya fundi redio inakutosha kupimia. Joto la Februari hapa Dar nalo ni adui: betri iliyotoka kufanya kazi iache ipoe kwanza, na usiisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani. Chaja ya USB inayokuja nayo ni ya kinyonga, lakini ina jambo moja zuri: umeme ukikatika unaichomeka kwenye pawabenki na maisha yanaendelea.

Hapo kwenye betri ndipo nilipokwazika, na si kwa kiwanda. Muuzaji mmoja aliniuzia betri ya pili yenye plagi ya umbo tofauti, akaapa kwamba "zote zinaingiliana, bosi wangu". Haziingiliani. Fundi simu wa jirani alikata plagi akanichomelea nyingine kwa elfu tatu, huku akinikumbusha nisikate nyaya mbili kwa mkasi mmoja kwa wakati mmoja, maana hapo unakuwa umepiga shoti.

Turudi kwenye drone. Rafiki yangu anayo, ya laki na ishirini, boksi limeandikwa 4K, yaani picha kali sana, kwa herufi kubwa. Picha zake ukizifungua kwenye kompyuta unaona ni picha ndogo iliyovutwa. Sura ya mtu ni ukungu. Hii haina GPS. Inajishikilia hewani kwa kutazama chini kwa kamera ndogo, na upepo ukizidi nguvu ya mota zake haina la kufanya. Tuliijaribu uani kwake Mbezi Beach mwezi wa saba, kusi ikivuma. Chini ya ukuta ilitulia vizuri tu. Ilipovuka usawa wa ukuta, kusi ikaichukua, ikaenda kutua juu ya bati la jirani, na jioni yote ikaishia kwenye kutafuta ngazi.

Drone za kazi ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa. Hii ya laki isingevuka Barabara ya Bagamoyo. Na hapo sijagusa suala la kibali: kurusha drone nchini kuna taratibu za TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na za Wizara ya Ulinzi, na muuzaji wa Kariakoo hatakutajia hata moja. Kirikuu hakiombi kibali kwa mtu, labda kwa mama mwenye nyumba.

Kama mko tayari kununua, mwulizeni wakala kwanza kama analeta spea: gia, shafti, mota ya 370 ya kuongeza nguvu. Wangu analeta, ila mzigo unachukua wiki kadhaa, kwa hiyo agizeni gia za akiba pamoja na gari lenyewe. Betri za ziada zitafuteni hapa hapa mjini, maana betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake hazipakiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Na nendeni na plagi yenu mfukoni.