TAHADHARI: Pedi feki za breki za Toyota IST zinauzwa Gerezani, Dar, ndani ya boksi halisi

Wakuu, ni yule yule muuzaji wa spea. Ndiyo, yule wa shokapu feki. Safari hii kahamia kwenye breki, na hapo uvumilivu umekwisha, maana shokapu feki inakuumiza kiuno, pedi feki inakuzika.

Aliyelizwa ni dada mwenye IST ya NCP60. Kabla hamjaanza ile nyimbo yenu ya "wanawake na spea", someni alivyofanyiwa. Alikwenda na pedi zake kuukuu kama sampo, na namba ya chesisi anayo kwenye simu. Winga (dalali wa kuvuta wateja) kampokea barabarani, kampeleka moja kwa moja dukani. Muuzaji hakubahatisha kitu: kachukua chesisi, kaiingiza kwenye katalogi, katoa namba inayoanza na 04465, ambayo kweli ndiyo ya pedi za mbele za Toyota. Kashusha boksi, lebo safi, namba ni ile ile. Kalifungua mbele ya macho yake, kazipanga pedi nne kwenye kaunta, kazilaza mgongo kwa mgongo na zile kuukuu. Masikio yanalingana, upana unalingana, kile kibati kinachopiga kelele pedi ikiisha kipo. "Kwaruza kwa kucha dada'angu, uone kama itatoa unga. Hii og, siyo zile za kupaka rangi." Dada kakwaruza. Haikutoa unga. Haikutoa kwa sababu zile zilikuwa pedi halisi, na ndiyo ujanja wenyewe ulipo.

Dada kalipa 75,000. Hela ikishaingia droo, jamaa anakumbuka jambo: "Ngoja nikuwekee na grisi ya pini, bure." Kachukua boksi, kapita nyuma ya pazia, sekunde chache tu. Huko ndiko pedi halisi zilikobadilishwa na feki. Karudi nalo limezungushiwa selotepu, pakiti ya grisi imebanwa juu. "Usilifungue njiani, vumbi likiingia zitakuja kulia." Risiti ya mkono: "spea 75,000". Basi.

Sasa niambieni, nani asingeamini? Hakukimbilia rahisi, kalipa bei ya kitu halisi. Kaja na sampo, kaja na chesisi, kagusa kwa mkono wake. Hayo yote ndiyo tunayowaambia wateja wafanye kila siku! Huyu mshenzi anajua tunachowafundisha, kajenga wizi wake juu yake.

Anayestahili kuona aibu ni fundi aliyezifunga. Pedi ziligoma kuingia kwenye braketi, akachukua tupa akayasaga masikio mpaka zikaingia. Pedi sahihi, braketi ikiwa imesuguliwa kutu na vile vibati vya kutelezea vikiwa vipya, inateleza kwa nguvu ya vidole tu. Ukiona tupa inashika pedi mpya, simamisha kazi.

Mjini zilivumilia. Mguu wa breki ulikuwa mgumu kama ubao na gari linachelewa kusimama, dada akaambiwa "bado hazijakaa". Akaenda Iringa akarudi. Kushuka mlima Kitonga alifanya inavyotakiwa, gia ameweka 2, breki anagusa na kuachia. Katikati ya kona harufu ikaanza, kisha moshi, kisha pedali ikazama na chuma kikaanza kusaga chuma. Kilichomwokoa ni gia na breki ya mkono.

Zilipofunguliwa, pedi ya ndani upande wa kushoto ilikuwa bati tupu. Bitana yake yote (ile sehemu inayosugua diski) ilibanduka ikaanguka, haikuisha kwa kulika. Bati la nyuma ni laini kama sahani, limepakwa gundi kisha bitana ikabandikwa juu. Bati zuri huwa na matundu au meno yanayoshika bitana, na gundi yake inapikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Huku gundi ilikuwa imewekwa juu ya kutu iliyofunikwa na rangi nyeusi. Diski ikipata moto wa mlimani, gundi ya namna hiyo inaachia. Bitana ikishatoka, pistoni inasafiri mbele kufidia nafasi, mafuta ya breki kwenye kopo yanashuka, raba ya vumbi inachanika. Hesabu yake sasa: pedi nne, diski mbili (zimechimbwa hadi chini ya kile kipimo cha MIN TH, yaani unene wa chini unaoruhusiwa, kilichochapwa kwenye diski yenyewe), na seti ya raba za kalipa (kile kibanio kinachosukuma pedi). Kwa grisi ya bure.

Na huyu mtu bado anafungua duka saa mbili asubuhi! Tapeli wa simu anakuibia hela, huyu anakuuzia ajali. FCC (Tume ya Ushindani) ndio wenye Sheria ya Alama za Bidhaa, waingie pale na nyuma ya lile pazia, mzigo uchomwe, duka lifungwe, na winga aliyekula cha juu asiachwe nje. TBS (Shirika la Viwango) nao waje. Kifungo, siyo faini, maana faini atairudisha kwa seti chache tu.

Dalili, kwa haraka. Boksi likishafunguliwa lisitoke machoni pako. Likienda nyuma na kurudi, lifungue tena hapo hapo kaunta. Kwenye ukingo wa bitana kuna herufi mbili za msuguano, mfano FF au GF: E ni kiwango cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ya kwanza ni breki ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. Pedi zote nne ziwe na alama zile zile. Zile za dada zilikuwa na alama tatu tofauti, na wino ulifutika kwa kitambaa chenye petroli. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na E ndani ya duara na 90R. Za Toyota za Japani si lazima ziwe nayo, msibishane na muuzaji kwa hilo. Angalia mshono kati ya bitana na bati, kusiwe na uwazi hata wa kupitisha kucha. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine) yenye namba ya spea, bila hiyo malalamiko yako FCC yanakuwa dhaifu. Na vumbi la pedi msilipulize kwa kompresa, feki hazisemi kama zina asbesto; osheni kwa maji.

Mafuta ya breki pia, jamaa anauza DOT 3 iliyojazwa upya. Kama hakuna karatasi ya kuziba chini ya kifuniko, acha. DOT 3 mpya huchemka kuanzia 205°C, ikishanyonya unyevu kipimo kinashuka hadi 140°C.

Mafundi wenzangu, maboksi halisi anayapata kwetu. Kuna vijana wanapita gereji kununua matupu. Chaneni boksi kabla ya kulitupa, na lebo ichaneni katikati ya namba.

Wenye IST na Vitz mlionunua pale tangu wakati wa zile shokapu, vueni tairi za mbele leo, angalieni pedi ya ndani, siyo ya nje inayoonekana kirahisi. Chini ya milimita 3, au mshono umefunguka, gari lisitoke. Nati za tairi mkirudisha ni 103 N·m, siyo kuruka juu ya spana. Na pedi zilizotoka msizitupe, zileteni na risiti yoyote mliyonayo, hata ya mkono, tupeleke FCC kwa pamoja.