Ukaguzi wa ekseli ya nyuma iliyolegea: tathmini ya gereji moja ya Arusha

Gereji ninayoiandikia tathmini hii ipo Arusha, upande wa Unga Limited, na haina bango. Wateja wake, ambao wengi ni madereva na wamiliki wa magari ya utalii, huitambua kwa jina la fundi mkuu, jina ambalo siliandiki hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Huduma ninayoizungumzia ni moja tu: kutafuta chanzo cha ulegevu wa ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, katika gari la zamani la kwenda porini. Kwa kazi hiyo naipa alama za juu, kwa sababu hapa fundi hupima kwanza ndipo afungue. Kwa upande wa vipuri na umaliziaji, alama zangu zinapungua.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996, aina ambayo mitaani huitwa mkonga, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, na springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Limetumika kwa miaka mingi kwenye barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ziwa Natron, ambako changarawe, mawe na vijito vilivyokauka havikipi chuma chochote nafasi ya kupumzika. Dalili zilianza kwa mlio mzito wa kugonga kila nilipoachia klachi kwa gia ya kwanza au ya kurudi nyuma. Baadaye gari likawa linaelekea kidogo kushoto ninapokanyaga mafuta na kuvuta kulia ninapoachia, jambo ambalo kwenye lami, mwendo ukiwa mkubwa, humfanya dereva ahisi kwamba kuna mtu mwingine anayeongoza gari kutokea nyuma.

Gereji niliyoanzia, ambayo pia siitaji, iliamua bila kuingia chini ya gari kwamba difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imekwisha na inafaa kubadilishwa nzima. Uamuzi wa namna hiyo ni wa kawaida, na unaeleweka, kwa sababu mlio wa kugonga unaotoka nyuma unaweza kuzaliwa katika sehemu nyingi: krosi (viungo) za propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, meno ya difu, shafti za ndani za ekseli, beringi za habu (kitovu cha gurudumu), bushi (mipira ya viungo) za springi, hata bolti za shokabsoba. Tofauti ni kwamba difu iliyochakaa hugonga na kuvuma, lakini peke yake haiwezi kulifanya gari libadili mwelekeo unapokanyaga na kuachia mafuta. Ili gari libadili mwelekeo, lazima ekseli yenyewe isogee mbele au nyuma kwa upande mmoja, na hilo ndilo jambo ambalo fundi wa Unga Limited alilishika tangu mwanzo wa maelezo yangu, kabla sijayamaliza.

Kabla ya kugusa springi aliondoa washukiwa wengine kwa haraka. Magurudumu yakiwa yamewekewa vizuizi na gia ikiwa huru, alishika propela shafti kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku, akiangalia kama krosi inacheza ndani ya uma wake, haikucheza. Aliinua ekseli, akaishikiza kwa stendi, akashika tairi juu na chini na kulitikisa, kwa kuwa beringi ya habu iliyolegea hujitokeza papo hapo kwa njia hiyo. Aliangalia pia mahali shafti ya ndani inapofungwa kwenye habu, akitafuta michirizi ya oili, kwa sababu stadi, yaani bolti za kuifungia, zikilegea hapo oili ya difu huvuja na kukusanya vumbi kwa umbo la jua lenye miale. Palikuwa pakavu. Bushi za springi alizipima kwa mtaimbo, akaona zimechoka kiasi, ila hazikuwa za kuleta mchezo mkubwa kama ule.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonishawishi kuandika tathmini hii. Fundi hakupima umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kama wengi wanavyofanya, kwa hoja kwamba ekseli ya mbele ya gari hili nayo imekaa juu ya springi zenye bushi zake, hivyo kipimo hicho huchanganya ulegevu wa ekseli mbili. Alichagua tundu la kiwandani kwenye chasisi, moja kila upande, akateremsha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) kutoka kila tundu, kisha akapima kutoka uzi wa timazi hadi alama ya chaki aliyoichora kwenye ganda la ekseli. Vizuizi viliwekwa mbele ya magurudumu ya mbele, gari likasukumwa dhidi yake kwa gia ya kwanza, injini ikazimwa gia ikiwa imeshika ili mkazo ubaki, na vipimo vikachukuliwa. Baada ya hapo vizuizi vilihamishiwa nyuma ya magurudumu yaleyale na kazi ikarudiwa kwa gia ya kurudi nyuma. Upande wa kulia ulitofautiana kwa milimita mbili, kiasi kinachoweza kuelezwa na ulaini wa bushi. Upande wa kushoto ulisogea milimita 14.

Thamani ya kupima mara mbili ni hii: chasisi iliyopinda au ekseli iliyofungwa vibaya hutoa tofauti isiyobadilika, ilhali kitu kilicholegea hutoa tofauti inayobadilika kufuatana na upande unaosukumwa. Fundi anayepima mara moja anaweza kukuta pande zote ziko sawa kwa bahati tu, kwa kuwa ekseli imesimama katikati ya mchezo wake, na akaliruhusu gari liende zake.

Ili kujua mchezo unatokea wapi hasa, walisafisha eneo la springi ya kushoto kwa brashi ya waya na kupiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe ulioanzia kwenye springi, ukapita juu ya kikalio chake, yaani sehemu ya ekseli ambayo springi huikalia, hadi kwenye ganda la ekseli. Baada ya mzunguko mfupi wa barabarani mstari ulikuwa umekatika kati ya springi na kikalio. Pembeni mwa kikalio palikuwa na unga mwekundu wa kutu iliyosagwa na sehemu ya chuma iliyong'aa kama sarafu mpya, na vitu hivyo viwili vikionekana pamoja huonyesha vyuma viwili vinavyosuguana bila kubanwa.

Yubolti, yaani bolti zenye umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, zilipofunguliwa, senta bolti inayopita katikati ya springi ilitoka vipande viwili. Wamiliki wengi wa magari haya hudhani kwamba senta bolti ndiyo inayoishika ekseli, na ikikatika huinunua nyingine na kuendelea na safari. Kazi ya bolti hiyo ni kushikilia vipande vya springi pamoja, na kichwa chake huingia katika tundu la kikalio ili ekseli ikae mahali pake wakati wa kufunga. Nguvu za kusukuma, kuvuta na kufunga breki hubebwa na msuguano unaotokana na mbano wa yubolti mbili za kila upande. Mbano ukipungua, nguvu zote huangukia senta bolti, ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo, na inakatwa polepole. Kwa hiyo senta bolti iliyokatika ni matokeo, na chanzo lazima kitafutwe kwenye yubolti.

Chanzo kilipatikana, na ni cha aina ambayo wenye magari ya utalii wataitambua. Mmiliki wa awali aliongeza kipande kimoja cha springi kila upande ili gari libebe mahema na madumu ya maji, lakini akarudishia yubolti za zamani. Fungu la springi lilikuwa limeongezeka unene, yubolti zikawa fupi, na nati za upande wa kushoto zilikuwa zimeshika nyuzi chache za mwisho tu. Nati iliyoshika nyuzi chache hivyo inaweza kuonekana imekaza kabisa mkononi mwa fundi, kisha ikaachia kidogo kidogo kadiri gari linavyotikisika.

Hapo ndipo sifa zangu zinapoanza kupungua. Gereji haina akiba ya senta bolti zinazofaa, na ile waliyoniletea kwanza ilikuwa bolti ya kawaida ya dukani ambayo kichwa chake kilikuwa chembamba kuliko tundu la kikalio, maana yake ekseli ingekuwa na nafasi ya kukaa mshazari tangu siku ya kwanza. Niliikataa, nao waliikubali hoja bila ubishi, ila mteja asiyejua kitu hicho angeondoka nayo. Yubolti mpya zenye urefu sahihi nilizinunua mwenyewe mjini. Yubolti hazifai kutumika tena zikishafunguliwa, kwa sababu chuma chake hurefuka kinapokazwa na hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Ukazaji nao ulinipa wasiwasi. Walifanya vizuri kuliteremsha gari ili uzito ukae juu ya springi kabla ya kukaza kwa mara ya mwisho, na walikaza nati kwa mtindo wa msalaba, kila moja kidogo kidogo. Lakini walitumia spana ndefu iliyoongezewa bomba, kwa makadirio ya mkono, ilhali spana yenye kipimo cha mkazo ilikuwa imefungiwa ofisini na mwenye ufunguo hakuwepo. Gereji inayopima ulegevu kwa milimita haina udhuru wa kukaza kwa kubahatisha. Niliposisitiza nirudi baada ya kilomita 500 ili nati zikaguliwe upya kwa spana ile, walikubali bila malipo, na nati mbili zilipokea karibu robo ya mzunguko. Springi na yubolti mpya hutulia baada ya safari za mwanzo, hivyo ukaguzi huo ulipaswa kuandikwa kwenye risiti yao badala ya kuombwa na mteja.

Ada ya ukaguzi ilikuwa shilingi 60,000, nayo haikukatwa kwenye gharama ya matengenezo. Wapo watakaoiona kubwa kwa kazi ambayo haikuacha kipuri chochote kwenye gari. Mimi nailinganisha na bei ya difu nzima niliyoshauriwa kununua, na siilalamikii. Gari sasa linanyooka ninapokanyaga na ninapoachia mafuta, na mlio uliobaki, ambao ni mdogo, unatokana na bushi nilizoambiwa zimechoka, ambazo bado sijazibadilisha.

Kwa anayepanga kwenda, ningeshauri afike asubuhi, kwa kuwa mchana foleni ya magari ya utalii hujaa na fundi mkuu huanza kuwaachia wasaidizi vipimo. Aende na yubolti na senta bolti zake mwenyewe, akiwa amepima unene wa fungu la springi kabla ya kununua, na aulize mapema ufunguo wa ofisi uko kwa nani.