tsig-keygen ya BIND: kakomandi kadogo, kazi safi, ila haikuambii kila kitu

Wakuu, leo naisifia tsig-keygen, ile komandi inayokuja ndani ya BIND 9, programu ya seva ya DNS (mfumo wa kugeuza majina ya mtandaoni kuwa namba za IP) ya ISC, bure kabisa. Kazi yake ni moja tu, kukutengenezea ufunguo wa siri ambao ruta au seva yako inautumia kusaini maombi ya kubadilisha rekodi za DNS kila IP inapobadilika, maana ukiacha zoni yako (fungu la rekodi za jina lako) ipokee apdeti bila saini basi yeyote anayejua kutumia nsupdate, komandi ya kutuma apdeti hizo, anaweza kulielekeza jina lako kwenye mashine yake na wateja wakaenda huko wakijua wapo kwako.

Yani hakuna maswali. Unaandika tsig-keygen ruta-nyumbani, enta, hapohapo inakutolea mistari minne, jina la ufunguo, algoridhimu (usipoichagulia inachukua hmac-sha256), na siri yenyewe herufi 44 zinazoishia na alama ya sawasawa. Unaiweka kwenye faili, named.conf (faili la mipangilio ya BIND) unaiambia ilisome, nakala ileile unaipeleka kwenye mashine itakayokuwa inatuma apdeti, unamaliza na nsupdate -k na jina la faili. Basi.

Waliokuwepo zamani wanajua tulikotoka aisee. Kulikuwa na dnssec-keygen -a HMAC-MD5 -b 512 -n HOST, inakuzalishia mafaili mawili yenye majina ya ajabu, Kruta.+157+ halafu namba nyingine, unafungua moja unachomoa siri kwa mkono unaenda kuibandika kwingine, na kama ni VPS (seva ya kukodi) isiyo na kibodi wala mausi ilikuwa inaganda tu ikisubiri ubahatishaji wa kutosha toka /dev/random mpaka watu wakawa wanaongeza -r /dev/urandom bila hata kujua kwa nini. Kuanzia BIND 9.14 ya 2019 njia hiyo imeondolewa, dnssec-keygen imebaki na funguo za DNSSEC (za kusaini rekodi zenyewe). Cha ajabu mafundisho mengi mtandaoni bado yanakwambia uitumie, mtu anapata erori anadhani seva yake mbovu. Na hiyo MD5 achana nayo jamani, RFC 8945 ya 2020, waraka wa viwango vya intaneti, imesema wazi isitumike tena.

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na ndugu yake ddns-confgen. Ufunguo ni wa aina ileile ila huyu ni muongeaji, ukimpa -z na jina la zoni anakuandikia mpaka mfano wa update-policy (kanuni ya ufunguo upi ubadilishe nini) wa kubandika, ukimpa -s na jina moja anakuandikia wa jina hilo tu. Mi nashauri -s. Watu wengi wanaweka allow-update (ruhusa ya zoni nzima) na ufunguo mmoja kwa kila kitu, sasa hiyo ni kumpa fundi bomba funguo za nyumba nzima wakati shida ipo kwenye sinki. Ruta ya nyumbani ibadilishe rekodi ya A (ya IP) ya jina lake, MX ya barua pepe inaihusu nini?

Sasa lawama zangu. Ya kwanza, ukielekeza matokeo kwenye faili kwa alama ya > kama wote tunavyofanya, kwenye Linux nyingi faili linazaliwa linasomeka na kila mtu aliyeko kwenye mashine, na komandi haisemi neno. Fanya chmod 640 mwenyewe (mwenye faili na kundi lake tu ndio wasome), na kwenye Debian au Ubuntu kundi liwe bind. Hata ile nsupdate -y ya kuandika siri pale pale kwenye komandi ikwepe, akipiga ps (orodha ya programu zinazoendelea) mwenzako kaiona.

Ya pili ni saa. Ufunguo unaweza kuwa sahihi kabisa na ombi likakataliwa, kwa sababu saini ina muda ndani yake na kawaida inavumilia tofauti ya sekunde 300 tu, ruta za bei rahisi zikizimwa umeme zinaamka zikiwa mwaka mwingine kabisa, unaona BADTIME unabaki unashangaa. Washa NTP (ya kurekebisha saa kupitia mtandao) kwanza. BADKEY ni kesi tofauti, hapo mara nyingi jina la ufunguo halifanani pande mbili, maana jina nalo ni sehemu ya saini, ruta-nyumbani na ruta_nyumbani ni watu wawili. Haya yote siyo kosa la tsig-keygen kiukweli, ila maelezo yake ni mafupi mno, mgeni anaachwa hapo hapo mlangoni. Ah, na faili la zoni kwenye Debian liweke /var/lib/bind, ukiliacha /etc/bind AppArmor (mlinzi wa ruhusa za programu) inaikatalia named, yaani BIND yenyewe, kuandika na utalaumu ufunguo bure.

Haina pia tarehe ya mwisho ya ufunguo, kwa hiyo kubadilisha ni juu yako. Siyo kazi ngumu: unatengeneza mpya kwa jina jingine, unauweka pamoja na wa zamani kwenye named.conf na kwenye update-policy, rndc reconfig ili BIND isome mipangilio upya, unahamisha ruta, ukiona apdeti zinapita kwa jina jipya kwenye logi unaufuta ule wa zamani.

Mi nampa nne na nusu juu ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya ile ruhusa ya faili.