VLC na Video za Sendofu Zilizogoma Kufunguka

Mpiga picha aliyerekodi sendofu ya mdogo wangu hapa Uyole alinikabidhi flashi yenye faili tatu za video, na jioni hiyo, ndugu wakiwa wamejaa sebuleni, kompyuta yangu ya Windows 10 ikatoa sauti ya MC bila picha yoyote. Kesho yake fundi mmoja wa Mwanjelwa aliitazama kwa dakika mbili, kisha akasema dawa ni kupiga Windows upya. Nilimshukuru nikaondoka na kompyuta yangu, na badala yake nikapakua VLC, programu ya kuchezea video isiyozidi sana megabaiti 40, isiyo na malipo wala matangazo, ambayo asili yake ni mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi nchini Ufaransa ulioanza mwaka 1996.

Faili ya kwanza ilifunguka papo hapo. Herufi mp4 zinazoonekana mwishoni mwa jina la faili ni jina la gunia tu, na gunia halikuambii kama ndani mna viazi vya Uporoto au parachichi za Rungwe. Picha za kamera ya yule mpiga picha zilikuwa zimebanwa kwa mtindo wa H.265, ambao Windows 10 kwa kawaida haina kodeki yake, yaani kifaa cha programu cha kufungua video zilizobanwa, mpaka uiongeze, na duka la Microsoft huiuza kwa dola 0.99 za Marekani. VLC hubeba kodeki zake yenyewe, kwa hiyo haitegemei zile za Windows. Anayetaka kujua gunia lake lina nini abonyeze Ctrl na J video ikiwa inacheza, asome jina la kodeki. Kwa hatua hiyo moja ningeweza kumjibu fundi wangu palepale dukani.

Faili ya pili ilicheza kwa kukwamakwama, ikijaa miraba ya kijani. Niliingia kwenye mipangilio, nikazima usaidizi wa kadi ya picha katika kufungua video, miraba ikaisha. Kukwama kulipungua tu, kwani H.265 inaitaka prosesa kazi kubwa, na kompyuta yangu ni ya zamani. Hapo siilaumu VLC.

Nilipoamua kuibadilisha faili hiyo iwe H.264, mtindo wa ubanaji wa zamani zaidi, ili mama aitazame kwenye runinga yake kule Tukuyu, VLC iliifanya kazi hiyo, lakini kwa usiku mzima, na sehemu hiyo ya programu imepangwa kwa namna inayomchanganya mgeni. Tena umeme ulikatika mara moja katikati ya kazi, betri yangu nayo ilishakufa zamani, nikabaki na faili nzito isiyofunguka, nikaanza upya.

Kumbe hicho ndicho kilichoipata faili ya tatu, yenye nasaha za wazazi, ambayo ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Kamera nyingi huandika faharasa ya mp4 mwishoni, baada ya kurekodi kusimamishwa; betri ikizima kabla ya hapo, picha zimo lakini hakuna kinachoonyesha kila moja inaanzia wapi. VLC hujaribu kutengeneza faharasa ya faili za AVI, aina nyingine ya gunia, zilizoharibika, ila kwa mp4 ya namna hii haina msaada, na ujumbe inaotoa ni mfupi mno kumweleza mtu wa kawaida tatizo liko wapi. Kuna programu nyingine ya bure iitwayo Untrunc inayoweza kuijenga faharasa hiyo upya, kwa sharti la kuipatia faili nyingine isiyoharibika iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile. Ninayo faili ya kwanza, kwa hiyo nimemwomba mpiga picha asiifute kadi ya kamera yake mpaka nitakapomaliza kujaribu.