Dawati la biashara la ubalozi wetu Uarabuni: maoni ya mbanguaji mdogo wa Mtwara

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunabangua korosho hapa Mtwara. Mzigo wetu mkubwa ni W320, yaani daraja la korosho nzima nyeupe, na vipande. Miaka yote tuliuza kwa madalali wa Dar es Salaam, na zikishatoka hapo hatujui zinakoishia. Msimu uliopita tukajaribu kupitia dawati la biashara la ubalozi wetu mmoja Uarabuni. Wenzangu wa Masasi, Newala na Lindi wamekuwa wakiniuliza kama wale watu wanasaidia kweli.

Wanasaidia, tena kwa jambo ambalo sisi tulioko huku hatuliwezi: kumjua mnunuzi ni nani. Kuna bwana alitupata mtandaoni, bei yake nzuri kupita soko, ila sharti lake mzigo utangulie, pesa zifuate. Nikamweleza mwambata wa biashara, yule afisa wa dawati hilo ubalozini. Akajibu, "Mama, mwambie akutumie leseni yake, halafu nirushie na mimi." Leseni ikaja. Za kule huandikwa kabisa kampuni inaruhusiwa kufanya shughuli gani, na ya huyo bwana ilikuwa ya usafi wa majengo! Tukaachana naye siku ile ile. Tungekuwa peke yetu tungeona muhuri na nembo, tukapakia.

Mnunuzi wa pili, mwambata alimfuata hadi ghalani kwake, akanipigia simu ya video. Nikaona stoo yenyewe, makatoni yamepangwa juu ya mbao, na korosho za nchi nyingine zikisubiri kwenda madukani. Mwambata alikuwa amejiandaa, maana aliniuliza maswali ya mtu wa korosho: unyevu haujazidi asilimia 5? Katoni ni ile ya kilo 22.68? Nyeupe zenu zina madoa? Sampuli zetu alizipeleka kwa mkono wake. Biashara ikafanyika, nusu ya pesa ikiingia kabla mzigo haujaondoka.

Yapo yaliyoniudhi. Barua pepe iliyoko kwenye tovuti yao inarudi, namba ya simu nilipewa na mtu anayemfahamu mwambata. Na alipokwenda likizo shauri letu lililala mpaka aliporudi, hakuna aliyeachiwa. Mnunuzi hasubiri likizo ya mtu. Ofisi inayobebwa na mtu mmoja mwema bado haijawa huduma.

Serikali inasema sana diplomasia ya uchumi, na balozi zinaongezeka. Naunga mkono. Ila ziwekwe kwa kuangalia tunauza nini. Ubalozi mdogo wa Guangzhou una maana yake, wafanyabiashara wa Kariakoo wanakwenda huko kununua. Korosho ghafi inayotoka minadani inakwenda India na Vietnam kubanguliwa, kwa hiyo afisa wa kule amsaidie mkulima wa Tandahimba kujua bei inavyokwenda kabla mnada haujafunguliwa. Lakini sisi tunaobangua hatuna cha kumuuzia mwenye kiwanda cha kubangua. Wateja wetu wako Uarabuni, Ulaya na Marekani, inakotafunwa. Huko ndiko nataka waambata wawe wawili, sio mmoja, na wapitie Mtwara kwanza, waingie kwenye chumba cha kubangulia, waone mama anavyochambua nzima na vipande, ndipo wapande ndege.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukitaka kuwaandikia, usiende mikono mitupu: weka cheti cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania), picha za korosho mchana kwenye mwanga, madaraja uliyonayo, kiasi unachoweza kutoa kwa mwezi, na bei mzigo ukiwa bandarini Mtwara. Bei ya dukani haiwasaidii. Nilipotuma bila kiasi cha mwezi, swali la kwanza kurudi lilikuwa hilo hilo.