TAHADHARI kwa mnaosaka MGB huku Uingereza: muuzaji wa "bodi imefanywa yote"

Wakuu habari zenu, naandika hasira haijaisha kwa hiyo mnisamehe nikiropoka. Kuna jamaa maeneo ya Midlands anauza magari ya spoti ya kizamani, hasa MGB, na mimi nimeshaingizwa mjini, paundi 7,200 zimekwenda. Jina lake siliweki hapa kwa sababu suala lishafika kwa wahusika, ila mbinu zake nazimwaga zote.

Gari yenyewe MGB ya 1971, ya wazi, nyekundu, rimu za spoku zinang'aa mpaka unajiona uso. Naitamani tangu utoto, mjomba alikuwa fundi Tanga na kuna meneja mmoja wa mkonge alikuwa anamletea yake, basi ule mlio wa kabureta mbili za SU haujanitoka kichwani mpaka leo, na huyu jamaa nadhani aliliona hilo usoni kwangu kabla hata sijashika mlango. Nimefika nakuta injini ya moto tayari, maana yake kama asubuhi inasumbua kuwaka huwezi kujua, nikaliona nikalimeza. Akaniambia bodi ilifanywa miaka ya tisini na fundi mzee aliyestaafu, tangu hapo inalala gereji. Nikachungulia chini, nyeusi tii, ile lami ya kuzuia kutu imepakwa kila kona na bado inanukia. Mimi nikaona kumbe mtu anatunza gari yake. Ile harufu ndiyo ilitakiwa initoe mbio.

Kwa wasiojua, MGB haina chasisi ya peke yake kama Land Rover, bodi ndiyo chasisi, na hizi za wazi hazina hata paa la kusaidia, kwa hiyo nguvu kubwa iko kwenye vizingiti, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Ndani ya hicho kizingiti kuna bati juu ya bati, maji yakiingia yanakaa humo, kutu inakula kuanzia ndani, ukija kuiona nje ujue ndani kumeshaisha. Kukitengeneza kweli ni kukata chote na kuchomelea upya tabaka kwa tabaka huku bodi imeegemezwa isijikunje. Huyu kachomelea bati jipya juu ya lililooza, filla (ile pasti ya kuzibia mashimo ya bodi), rangi, kwisha.

Nimejuaje? Wiki ya tatu napiga jeki nitoe tairi nikasikia mlio kama mtu anakunja debe, jeki inapanda lakini gari haipandi. Nikafungua mlango, haufungiki tena, mwanya wa nyuma umejibana kabisa. Nikachukua bisibisi nikagusa, sijasukuma jamani, nimegusa tu, ikazama mpaka kwenye mpini. Nikachokonoa ikatoka filla unene wa kidole, halafu povu la njano lile la kuzibia madirisha, halafu gazeti limekunjwa kunjwa. Nikalifungua, ukurasa wa mpira, la mwaka jana! Kazi ya miaka ya tisini hiyo.

Baada ya hapo nikaanza kufunua kila kitu. Nyuma ya viti chini ya zulia, ambako MGB za miaka hiyo zinaweka betri mbili za volti 6, boksi moja halina kitako, betri imefungwa na waya wa hanga. Ovadraivi (ile gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini ukiwa mwendo wa kasi) aliyosema "ni waya tu umekatika", swichi ipo lakini giaboksi yenyewe haina ovadraivi kabisa. Fundi ameniambia paundi 5,000 kwa vizingiti na sakafu, rangi bado.

Sasa hapa ndipo ninapojilaumu. Tangu Mei 2018 gari iliyopita miaka 40 hailazimiki kupita MOT, ule ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka, kama haijabadilishwa sana, kwa hiyo jamaa anakwambia kwa madaha "hii haihitaji MOT", na ni kweli, ila maana yake pia hakuna aliyelala chini yake na tochi. Kumbe historia ya MOT iko bure kwenye tovuti ya serikali, unaingiza namba ya gari tu, inarudi nyuma mpaka 2005. Mimi nimeingiza nikiwa nimeshalipa. 2017 ilifeli, kutu kwenye vizingiti pande zote mbili, na haijapelekwa tena. Dakika mbili tu ingeniokoa. Na ile V5C, hati ya usajili wa gari, jina halikuwa lake, akasema ya shemeji, nikakubali kama mtoto.

Halafu anajifanya mtu binafsi anayeuza gari yake. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya 2015 inakupa siku 30 za kuirudisha ikiwa mbovu, kwa mtu binafsi unabaki na hoja moja kubwa, kwamba gari si kama alivyoieleza. Kwa hiyo lile tangazo na meseji zake za "haina kutu" pigeni skrinishoti mapema, yeye hufuta siku ile ile. Nimepiga Citizens Advice, wale wa ushauri wa bure kwa wananchi, wao ndio wanaopeleka taarifa Trading Standards, maofisa wa halmashauri wanaoshughulikia wafanyabiashara matapeli.

Ukienda kuangalia, sumaku ifunge kwenye kitambaa upitishe chini ya milango, isiposhika hapo ni filla. Omba apige jeki mbele yako huku unaangalia mwanya wa mlango. Mimi nilimwambia tuinyanyue kidogo akasema mgongo unamuuma.

Leo asubuhi nimeona tangazo jipya, Triumph Spitfire ya njano, mlango wa gereji ule ule wa kijani wenye kioo kilichopasuka, "bodi imefanywa yote", na anataka advansi ya paundi 500 leo leo eti kuna Mholanzi anakuja kesho. Huyo Mholanzi hata kwangu alikuwa anakuja kesho. Msitume hiyo hela.