Posta ya sura za Buddha, dizaina anaijua kazi

Jamani hii posta ya kufundishia nimeipenda, dizaina hakurundika tu picha, kaanza na alama za zamani za India, nyayo, gurudumu na mti, kabla Buddha, mwanzilishi wa dini ya Kibuddha, hajaanza kuchongwa kama mtu, halafu anakuja wa Gandhara, eneo la kale huko Pakistan na Afghanistan za leo, nywele za mawimbi na joho lenye mikunjo ya Kigiriki kabisa, afu wa Sukhothai kule Thailand anatembea na mwali wa moto juu ya kichwa. Yule mnene anayecheka kawekwa pembeni na maelezo kwamba ni Budai, mtawa wa China, sio Buddha mwenyewe, na hapo ndo wengi wanachanganya! Ila maandishi madogo mno, ukikaa nyuma ya darasa husomi kitu, na sanamu ya Buddha ya Kamakura kule Japani yenye zaidi ya mita 11 kapewa kapicha kama stempu.